Injini ni ya Nani? Mjadala wa Jioni Moja Malaba

Foleni ya malori ilikuwa imekaza tangu alfajiri. Anayeijua Malaba hahitaji maelezo: mkia wa foleni unarudi nyuma kuelekea Bungoma, madereva wanashuka na kuwasha majiko kando ya trela, na mji mzima unageuka mgahawa wa watu wanaongoja. Sisi tulikuwa nyuma ya kibanda cha chai na rolex, ile chapati ya kukunjia mayai ambayo Uganda ilituvushia bila mtu kuitoza ushuru. Hatukuwa tumeitana kujadili chochote. Fundi wa kompyuta alikuja kuitazama laptop ya Wakala wa forodha. Karani wa kumbukumbu za wagonjwa, anayefanya kazi katika kituo kimoja cha afya Teso Kusini, alikuwa akingoja matatu ya kumrudisha nyumbani. Mwalimu, aliyefundisha kompyuta sekondari hadi akastaafu, hukaa kwenye benchi lile kila jioni, iwe kuna foleni au hakuna.

Kilichotuchokoza ni kidirisha kilichojitokeza kwenye skrini ya laptop. Kilimtaka Wakala asasishe Java, na kikamwambia kwamba masharti yamebadilika.

WAKALA: Nikibonyeza ndiyo, wataniletea bili?

FUNDI: Kwa matumizi yako ya nyumbani, hapana. Kwa biashara, mambo yalibadilika kwa matoleo ya kuanzia tarehe 16 Aprili 2019. Lakini mzee, huna haja ya kubonyeza. Naitoa hiyo, nakuwekea OpenJDK. Ni injini ile ile na haina bili.

WAKALA: Ile ile, halafu moja ina bili na nyingine haina? Kijana wangu, nimeshinda mpakani hapa miaka ishirini. Bidhaa moja ikiwa na bei mbili, basi moja imepita njia ya panya.

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Na kusema kweli swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyezoea kuona sukari, mafuta na mayai yakivuka kwa njia mbili ana sababu ya kutilia shaka kitu cha bure chenye ubora wa kile cha kulipia.

FUNDI: Haijapita popote, mzee. Mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Java ilitolewa hadharani mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Novemba 2006 Sun ikatangaza kwamba msimbo wake utakuwa huria chini ya leseni ya GPL, na Mei 2007 sehemu kubwa ikawa imeshawekwa wazi. Huo ndio OpenJDK. Oracle iliinunua Sun Januari 2010, ikakuta mlango uko wazi na hauwezi kufungika tena, maana aliyechukua nakala chini ya leseni ile hanyang'anywi.

MWALIMU: Hebu ngoja. Unamweleza mtu habari za mlango kabla hujamwonyesha nyumba. Mzee, unajua hicho wanachokiita mashine pepe ni nini?

WAKALA: Najua ni kitu kinachonisumbua kila mwaka.

MWALIMU: Kila chipu ina lugha yake. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya chipu ya laptop hii haisomeki kwenye chipu ya simu yako. Waandishi wa Java walikwepa hilo. Ukiandika programu, haigeuzwi kuwa lugha ya chipu yoyote. Inageuzwa kuwa baitikodi, lugha ya katikati ambayo karibu hakuna chipu inayoiongea. Halafu kwenye kila aina ya kompyuta unaweka injini moja inayojua lugha hiyo ya katikati na lugha ya chipu ya pale ilipo. Programu inaandaliwa mara moja tu, na injini ndiyo inayohangaika na tofauti za mashine.

WAKALA: Kama kituo chetu cha pamoja.

Hapo Mwalimu alifurahi kupita kiasi, kwa sababu ndiyo mfano aliokuwa ameuandaa. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Kenya, likapiga hatua chache, likakaguliwa upya upande wa Uganda. Chini ya utaratibu wa kituo kimoja, ambao Marais Kenyatta na Museveni waliufungua rasmi Busia tarehe 24 Februari 2018, lori linalotoka Kenya halisimami upande wake. Maafisa wa nchi zote mbili hulikagua kwa pamoja upande linakoingia. Injini ya Java nayo ina mkaguzi wa namna hiyo: baitikodi ikipakiwa hukaguliwa kwanza, isije ikawa inagusa isichoruhusiwa, na ikishapita haisimamishwi tena kwa ukaguzi huo. Mfano ni mzuri. Ila nilitazama ile foleni mbele yetu nikaona ni heri usisukumwe mbali sana.

Mwalimu alikuwa na jingine. Kila faili la baitikodi, alisema, huanza kwa baiti nne zile zile, na ukiziandika kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita zinasomeka CAFEBABE. Ni utani wa wahandisi. Lugha yenyewe iliitwa Oak mwanzoni, jina likaonekana lina mwenyewe tayari, ndipo wakachagua jina la kahawa. Akanyoosha kidole barabarani: kati ya malori yanayoshuka kutoka Uganda kwenda Mombasa, yamo yaliyobeba kahawa ya gunia kwa gunia. Wakala, ambaye amewahi kushughulikia karatasi za kahawa hiyo, alisema anayoijua yeye haijawahi kumwomba asasishe chochote.

KARANI: Mimi niulize swali la mtu wa kazi. Ikiwa ni lugha ya katikati, na kila sentensi lazima itafsiriwe, si ndiyo sababu mfumo wetu ni mzito?

FUNDI: Hapana, dada. Yaani, si hiyo. Umewaona wabadilishaji fedha pale mpakani? Asubuhi bei ikiwa mpya, ukimpa noti ya elfu anabonyeza kikokotoo. Mteja wa pili wa elfu, anabonyeza tena. Kufika saa sita hagusi kikokotoo. Ukisema elfu, mkono umeshahesabu shilingi za Uganda. Injini hufanya hivyo hivyo. Inaanza kwa kutafsiri kipande kwa kipande, huku inahesabu ni kipande gani kinaitwa mara nyingi. Kikiitwa sana inakitafsiri chote mara moja kwenda lugha ya chipu na kukiweka tayari. Kwa miaka mingi injini ya HotSpot, upande wa seva, ilingoja mara 10,000 hivi kabla ya kuchukua hatua hiyo. Ndiyo maana ikaitwa HotSpot, mahali palipochemka. Mfumo wa Java ukiuwasha asubuhi unajikokota, lakini ukishachemka, husikii uzito.

KARANI: Wetu unaganda saa nne, wakati benchi zimejaa. Asubuhi ndiyo uko sawa.

Fundi alinyamaza. Nilipenda kunyamaza kwake, kwa sababu watu wa kazi yake huwa na jibu kabla ya swali kuisha.

FUNDI: Basi hiyo ni mambo ya mfagiaji. Programu ikiendesha kazi inaacha vitu vingi kwenye kumbukumbu, kama soko linavyoacha maganda. Mwandishi wa programu ya Java haambiwi avifute mwenyewe. Injini ina mfagiaji wake anayepita kutafuta visivyotumika tena. Baadhi ya ufagiaji unalazimu kila mtu asimame kwanza. Kukiwa na nafasi ya kutosha anapita mara chache na husikii. Nafasi ikiwa finyu na wateja wamejaa, anafagia bila kupumzika, na kila akifagia soko linasimama. Kuna namba moja tu inayoiambia injini ichukue kumbukumbu kiasi gani. Inawezekana mliwekewa ndogo siku ya kwanza, na hakuna aliyeigusa tena.

KARANI: Miaka sita. Miaka sita ninawaomba wagonjwa radhi, na ni namba moja?

Kuanzia hapo mjadala ukawa na meno, na uliotia meno ni upande wa Karani. Inafaa nieleze mfumo anaousema, kwa sababu ni kisa ambacho watu wa magharibi mwa Kenya wangepaswa kukijua kuliko wanavyokijua.

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka kuliko mafaili. Mwaka 2004 madaktari wawili waliobobea katika kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kusaidia mfumo wa rekodi uliokuwa umeelemewa. Kutokana na kazi hiyo, wakishirikiana na watu wa Partners In Health na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Mwaka 2006 ilianza kutumika AMPATH, ambayo kliniki zake zilienea hadi kaunti ya Busia. Baadaye ikajengwa juu yake KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya serikali nchini. Leo OpenMRS inafanya kazi katika nchi nyingi ambazo hazijawahi kuisikia Eldoret.

Nayo OpenMRS imeandikwa kwa Java. Hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, umeandikwa kwa Java. Kwa hiyo mgonjwa anapofunguliwa ukurasa wake Teso Kusini, na idadi ya wenzake inapojumlishwa kwenda Nairobi, chini kabisa kuna injini ile ile ambayo Wakala aliogopa kuibonyeza.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema huria ni neema. Ingekuwa kila kituo kinalipia injini kwa idadi ya wafanyakazi, kama masharti ya kulipia yalivyowekwa Januari 2023, kaunti ingekuwa imerudi kwenye daftari.

KARANI: Mwalimu, nakuheshimu, lakini neema hiyo nimeiona ikipimwa. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku tisini. Kwetu, kijana wa data aliyekuwa akiingiza fomu na kuangalia seva alikuwa analipwa na mradi. Wiki ile ile akaambiwa akae nyumbani. Injini haikuzima. Leseni haikufutwa. Msimbo uko wazi mpaka leo, naweza kuusoma nikipenda. Na fomu zikarundikana mezani hadi nikashindwa kuona mlango. Sasa niambie, huo uhuru ulinifanyia nini?

FUNDI: Ulikuzuia usifungiwe nje. Kuna mifumo ya kulipia ambayo mradi ukikatika, leseni inakatika nayo, na rekodi za miaka kumi unazitazama kwa dirishani.

KARANI: Sikatai. Lakini mtu akikwambia shamba ni lako, halafu huna jembe wala mbegu wala mvua, ukimwambia asante unamwambia kwa adabu tu.

WAKALA: Mimi hata hilo la shamba kuwa lako nalitilia shaka. Huyo Oracle, ikiwa ni huria, mbona nilisikia walishtakiana na Google hadi mahakama ya juu?

Fundi aliijua kesi hiyo vizuri, na akaieleza kwa raha. Google ilipotengeneza Android haikuchukua injini ya Sun. Iliunda ya kwake iitwayo Dalvik, jina la kijiji cha wavuvi huko Iceland, lakini ikanakili majina na mpangilio wa amri za Java, mistari kama 11,500, ili waandishi wa programu wasijifunze upya. Oracle ikashtaki mwaka 2010. Kesi ilipanda na kushuka hadi tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba kunakili huko kulikuwa matumizi ya haki. Kufikia wakati huo Google ilikuwa imeshahamia maktaba za OpenJDK tangu Android 7 ya mwaka 2016, na Dalvik yenyewe ilikuwa imempisha ndugu yake ART.

FUNDI: Kwa hiyo mzee, waligombania kilichochukuliwa nje ya leseni. Kilichokuwa ndani ya leseni hakikuwa na kesi.

WAKALA: Na jina? Nikitengeneza injini yangu, naruhusiwa kuiita Java?

MWALIMU: Hapana. Jina ni alama ya biashara ya Oracle.

WAKALA: Enhe.

MWALIMU: Na zaidi ya jina kuna mtihani. Injini ikitaka kujiita halali lazima ipite majaribio maalumu, na majaribio hayo yana leseni yake. Wakfu wa Apache walikuwa na injini yao huria, Harmony. Waliomba majaribio bila masharti ya kuwabana watumiaji wao, wakakataliwa miaka nenda miaka rudi. Desemba 2010 wakajiuzulu kwenye kamati inayoongoza Java. Mwaka uliofuata Harmony ikafungwa.

WAKALA: Sasa tunaongea lugha moja! Lori ni lako, mzigo ni wako, barabara ni ya wote. Lakini mizani ya Webuye ni ya nani? Mwenye mizani ndiye mwenye safari.

Sidhani kuna aliyetarajia hoja nzito zaidi ya jioni itoke kwa mtu aliyekuwa akiogopa kidirisha. Fundi alijaribu kuipunguza. Alisema hali si ile ya 2010. Kikundi cha watumiaji wa Java cha London na wenzao walianzisha mradi wa kutengeneza nakala safi za OpenJDK, mradi ukahamia wakfu wa Eclipse, na tangu 2021 unatoa injini iitwayo Temurin ambayo imepita majaribio hayo hayo. (Panga upya herufi za Temurin na utapata neno la Kiingereza la injini ya kuendeshea programu, runtime. Mwalimu aliipenda sana hiyo.) Amazon ina nakala yake, Microsoft ina yake, SAP ina yake. Mizani bado ina mwenyewe, alikiri, ila sasa magari mengi yamepimwa yakapita.

Mimi hapo niliingia, ingawa kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Nilisema kwamba wote wanatafuta uhuru mahali ambapo haupo. Hakuna mtu Busia aliyekaa kusoma msimbo wa HotSpot, wala hakuna ulazima. Thamani ya kufunguliwa kwake ilionekana wakati mmoja mahsusi: Aprili 2019, mwezi ule ule masharti yalipobadilika. Oracle iliacha kuwapa wafanyabiashara wasiolipia masasisho ya Java 8, toleo la mwaka 2014 ambalo vituo vingi duniani bado vilikuwa vikilitumia. Mwezi huo huo uongozi wa masasisho ya OpenJDK 8 na 11 ukachukuliwa na wahandisi wa Red Hat, chini ya Andrew Haley. Toleo lile lile likaendelea kuzibwa mianya yake ya usalama, safari hii likilelewa na wengine. Mfumo wa rekodi haukuandikwa upya. Mgonjwa hakujua. Mlezi alibadilika na mtoto akabaki shuleni. Hicho ndicho leseni ilichonunua, na mimi nakiona kikubwa.

KARANI: Mlezi aliyebadilika ni yule wa kule juu.

MIMI: Ndiyo.

KARANI: Na wa huku chini?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema maneno mengi kuhusu Aprili 2019, na swali lake lilihusu Januari 2025.

Mwalimu alijaribu. Alisema kosa ni la shule. Amefundisha watoto wa Malaba kuandika barua kwa kompyuta na kujumlisha kwenye jedwali, kwa sababu ndivyo mtaala ulivyokuwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa seva ikifunguliwa. Miaka yake ya mwisho alianza kufundisha Java kidogo baada ya masomo. Aliwaruhusu wavipe vigeugeu majina ya Kiswahili: jumla, mgonjwa, tareheYaKurudi. Injini haijali. Majina ya madarasa na ya mbinu, yaani ya vipande vya programu, hubaki ndani ya faili la baitikodi kama yalivyoandikwa, na ukilifungua faili hilo unakuta neno la Kiswahili limekaa kimya katikati ya tarakimu. Alituambia mwanafunzi mmoja alipoliona jina alilolichagua yeye mwenyewe humo ndani alisimama akaenda kuwaita wenzake. Sauti ya Mwalimu ilibadilika alipofika hapo. Akaongeza, kwa namna yake ya kupenda mipango mikubwa, kwamba kaunti iwe na vijana kumi wanaojua injini hiyo hadi ndani.

FUNDI: Hadi ndani? Mwalimu, ndani kuna mistari malaki kwa malaki ya C++. Wahandisi wazima wanashughulikia mfagiaji peke yake. Red Hat walileta wa kwao, Shenandoah, akaingia toleo la 12 mwaka 2019. Huhitaji kumjua fundi aliyesubu injini ya lori ili ubadilishe oili. Tunataka watu wa oili. Wa kujua logi zinakaa wapi, namba ya kumbukumbu inaandikwa wapi, nakala rudufu inachukuliwaje kabla hujagusa kitu.

MWALIMU: Watu wa oili bila watu wa injini ni watu wa kungoja simu kutoka nje. Umesahau yaliyompata mzee na ule mfumo wa kuzindulia?

Wakala aliugua. Kwa miaka alitumia mfumo mmoja wa karatasi za mizigo uliozinduliwa kutoka kwenye kivinjari kwa njia iitwayo Web Start. Septemba 2018 Java 11 ilitoka bila Web Start. Kijana mmoja alimsasishia laptop kwa nia njema, na Jumatatu mfumo haukufunguka. Wiki mbili aliazima kompyuta za watu. Kumbe kampuni moja ya Uswisi, Karakun, ilichukua msimbo huria uliokuwepo ikatengeneza OpenWebStart kuziba pengo hilo, na Fundi ndiye aliyeipata na kumwekea.

FUNDI: Na niliipata kwa kutafuta, sikuijenga! Mtu wa oili alitosha.

MWALIMU: Alitosha kwa sababu kule Uswisi kulikuwa na mtu wa injini.

Walirudia hilo mara tatu kwa maneno tofauti, na sitawachosha. Nadhani Fundi ana haki kwa mwaka huu na Mwalimu ana haki kwa miaka ishirini ijayo, na kila mmoja alikuwa anakataa kutaja muda.

Ila Wakala alisema jambo moja kabla hajaamka kulipa chai, nami naliandika kwa sababu linahusu mji wetu kuliko Java. Alisema watu husahau kwamba boda boda ni ya hapa. Neno lenyewe ni la mpaka: mtu alikuwa akikupakia kwenye baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, akiita boda, boda. Hakuna aliyetunga leseni. Leo neno limefika mbali na hakuna anayelipa Busia chochote. Akauliza: je, tulipata hasara?

KARANI: Tulipata pikipiki.

WAKALA: Zinatoka India.

Tulicheka tena, safari hii na yeye. Matatu ikapiga honi. Fundi alimwandikia Karani kwenye kipande cha karatasi mambo mawili ya kuangalia: kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani kwa jumla, na injini imeruhusiwa kiasi gani. Alimwelekeza faili la kufungua na neno la kutafuta ndani yake, herufi tatu na alama ya kistari mbele. Alimwonya asibadilishe kitu siku ya kliniki, na asibadilishe kitu chochote kabla hajachukua nakala ya hifadhidata.

Karani alitupigia Ijumaa, simu ikiwekwa kwenye spika hapo hapo kwenye benchi. Faili alilipata. Seva ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Injini imeruhusiwa megabaiti 512. Fundi alipiga paja: ndiyo yenyewe, aiweke 2,048, aihifadhi, awashe upya, asubuhi ya Jumatatu ataona tofauti.

Kukawa kimya upande wa pili. Tukasikia kiti kikisogezwa.

KARANI: Imekataa kuhifadhi. Inataka nenosiri la msimamizi.

FUNDI: Liweke.

KARANI: Alikuwa nalo yule kijana wa data.